Maji Moto Wangapi Hulinda Mnazi?

Apitaye chini ya minazi ya Bagamoyo hukuta vidaka vimetapakaa mchangani vingali vichanga. Baadhi huangushwa na upepo, na mti wenyewe hupunguza mzigo wake. Lakini kidaka chenye makovu na utomvu uliokauka kwa kawaida kimefyonzwa. Mfyonzaji huyo aitwa kitaalamu Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya M. J. Way, aliyechunguza adha hii Unguja katika miaka ya 1950. Wachache tu mtini hutosha kuleta hasara. Adui yake mkubwa ni chungu maji moto, Oecophylla longinoda, ashonaye majani kwa hariri ya mabuu wake.

Je, wawindaji wakiongezeka, windo nalo huongezeka kwa kiasi hicho hicho? Mwaka 1959 C. S. Holling, huko Kanada, alimfunga macho msaidizi wake akamtaka apapase mezani vipande vya msasa. Vipande vilipozidi, aliokota vingi zaidi, lakini si bila kikomo, kwani kila kimoja kilihitaji muda wa kuokotwa na kuwekwa kando. Mbawakawa alaye vidukari yu katika hali hiyo hiyo: ana mikono mingi kuliko msaidizi yule, lakini mdomo mmoja. Basi na waongezwe mbawakawa? Hassell na Varley walionyesha mwaka 1969 kwamba watafutaji wakisongamana, kila mmoja hupungukiwa na ufanisi, kwa kuwa hukutana na kusumbuana. Kumi hawafanyi kazi ya kumi. Darasa laweza kulijaribu jambo hili kwa chupa chache, vidukari wa kunde na subira.

Maji moto hawafuati kanuni hiyo. Wa kundi moja hawasumbuani, bali huitana kwa harufu, na windo kubwa huvutwa na wengi kwa pamoja. Wakiwa haba mtini, mfyonzaji hupata nafasi; wakijaa, huliwa au hufukuzwa. Msongamano huleta hasara pale tu makundi mawili yanapopakana, maana hupigana, na mnazi ulio mpakani huweza kukosa ulinzi. Kwa hiyo wingi wa viota shambani haujibu swali. Iulizwe ni minazi mingapi yenye maji moto.

Tena yuko mpinzani wa chini, chungu mdogo wa kahawia, Pheidole megacephala, awafukuzaye maji moto mtini. Uchunguzi wa Seguni, Way na Van Mele uliotolewa mwaka 2011, uliofanywa Tanzania, ulionyesha kuwa majani yakiachwa chini ya miti, maji moto hushika miti mingi zaidi. Shamba likipaliliwa jeupe, mpinzani hupanda juu. Mkulima hodari wa jembe huenda basi anajidhuru bila kujua.

Linabaki lalamiko la mkwezi, nalo ni la haki. Yeye ndiye aumwaye kila apandapo, ilhali nazi zinazookolewa ni za mwenye shamba. Haishangazi kwamba viota huteketezwa.