Pikapu Inapotikisika: Fizikia ya Usukani Katika Mwendo Mkali

Pikapu iliyozoea barabara ya changarawe hulalamika kwa sauti nyingi. Bodi hulia, vyuma hugongana, na vumbi hupenya kila tundu. Dereva wake huyazoea makelele hayo, wala hayamtii hofu. Siku gari hilo linapotoka kwenye changarawe na kuingia kwenye lami, makelele hukoma, mwendo huongezeka, na dereva hudhani kwamba taabu imebaki nyuma. Mshale wa spidi unapofika kilomita 80 au 90 kwa saa, gurudumu la mbele hukanyaga kiraka kidogo cha lami au ukingo wa daraja. Ghafla usukani huanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu inayoshinda mikono yake. Kiraka kimekwisha kupitwa, na barabara iliyo mbele ni laini, lakini mtikisiko haukomi. Hukoma tu gari linapopunguza mwendo na kukaribia kusimama.

Tukio hili lamtokea dereva, lakini swali linalotokana nalo ni la mwanafunzi wa fizikia. Kiraka kiliigonga tairi mara moja tu. Je, nishati ya kuutikisa usukani kwa muda wote uliofuata imetoka wapi? Anayelijua jibu la swali hili atajua pia kwa nini pikapu nyingi hurudi gereji mara kwa mara kwa ugonjwa uleule, na kwa nini abiria walioketi nyuma ya gari la namna hiyo wamo hatarini hata kama dereva ni hodari.

Mitikisiko ya aina mbili

Kwanza yafaa kutofautisha mitikisiko ya aina mbili, kwani madereva wengi huichanganya. Aina ya kwanza huja polepole, mwendo unapofikia kiasi fulani, na hupungua mwendo huo unapopitwa. Huu ni mtikisiko wa kusukumwa. Kuna kitu kinachoyasukuma magurudumu katika kila mzunguko, na kitu hicho aghalabu ni uzito usiolingana pande zote za gurudumu.

Aina ya pili huanza kwa mshtuko mmoja na kuendelea wenyewe. Huu ni mtikisiko unaojilisha. Magari yenye ekseli ngumu ya mbele, yaani mhimili mmoja unaoyaunganisha magurudumu yote mawili, ndiyo yanayopatwa zaidi na maradhi haya. Huko Marekani, ambako pikapu nzito na magari ya porini ya aina hiyo ni mengi, madereva wameupa jina lenye maana ya mtikisiko wa mauti.

Tope ndani ya rimu

Aina ya kwanza yaweza kupimwa kwa hesabu ya kidato cha tatu au cha nne. Chukua pikapu iliyopita katika matope wakati wa masika. Gramu 200 za tope zimeganda ndani ya rimu upande mmoja, zikakauka na kuwa ngumu kama tofali. Tope hilo liko sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu. Mzingo wa tairi ni meta 2.5.

Gari likienda kilomita 90 kwa saa, husafiri meta 25 kwa sekunde. Kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 10 kila sekunde, sawa na radiani 62.8 kwa sekunde. Kani inayolivuta gurudumu kuelekea upande wa tope hupatikana kwa kuzidisha tungamo, nusu kipenyo, na kipeo cha pili cha kasi ya mzunguko:

0.2 × 0.2 × 62.8 × 62.8 = nyutoni 158 takriban.

Kani hiyo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 16, nayo hubadili mwelekeo wake juu, mbele, chini na nyuma mara 10 kwa sekunde. Mwendo ukipungua hadi kilomita 45 kwa saa, kani haipungui kwa nusu tu, bali hubaki robo, yaani nyutoni 40 hivi. Ndiyo sababu gari lililotulia barabara ya changarawe kwa mwendo mdogo huweza kutetemeka likiingia barabara kuu.

Lakini kwa nini mtetemo huo hupungua mwendo unapozidi, ilhali kani inaongezeka? Jibu liko katika pembea ya mtoto. Anayesukuma pembea kwa wakati unaolingana na mwendo wake huirusha juu kwa nguvu ndogo. Anayesukuma upesi mno hapati kitu. Ekseli na magurudumu yake, yakidundadunda juu ya mpira wa tairi, nayo yana mwendo wake wa asili, ambao katika magari mengi ni mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Mizunguko ya gurudumu inapolingana na idadi hiyo, kila msukumo huja kwa wakati wake, na mtetemo hukua. Kulikwangua tope, kunyosha rimu iliyopinda na kubalansi magurudumu kwa vipande vya risasi huondoa kisa hiki chote.

Mtikisiko unaojilisha

Aina ya pili haiponi kwa risasi peke yake. Ili kuielewa, fikiria mpiga zeze. Mkono wake huvuta uta mdogo kuelekea upande mmoja tu, bila kutetema. Hata hivyo uzi hutetema mamia ya mara kwa sekunde. Uzi wenyewe, kwa kunata na kuteleza juu ya uta, huchota nishati kutoka katika mwendo uliotulia na kuigeuza kuwa mtetemo. Bawaba kavu ya mlango hulia kwa njia hiyohiyo.

Katika pikapu, mwendo uliotulia ni ule wa gari zima. Tani moja au mbili zinazokwenda meta 25 kwa sekunde zina nishati tele, na magurudumu ya mbele huweza kuchota kiasi kidogo cha nishati hiyo katika kila mpigo. Kiraka cha lami kimefungua mlango tu. Chakula cha mtikisiko hutoka katika mwendo wa gari.

Uchotaji huo hufanyika kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni tairi. Mpira haufuati rimu papo hapo. Gurudumu likigeuka kidogo, sehemu ya tairi inayogusa barabara huchelewa, nayo hujipinda kwanza kabla ya kutoa kani ya kuvuta upande. Kwa kuwa kani hufika ikiwa imechelewa, badala ya kulirudisha gurudumu mahali pake na kulituliza, hulipitisha hadi upande wa pili.

Njia ya pili ni ekseli yenyewe, na mwalimu aweza kuionyesha darasani kwa gurudumu la mbele la baiskeli. Mwanafunzi alishike kwa ncha mbili za ekseli yake, mwenzake alizungushe kwa kasi, kisha mshikaji ainue ncha moja. Gurudumu halitainama tu. Litajaribu kugeuka kando, kana kwamba kuna mkono unaolisukuma. Katika pikapu yenye ekseli ngumu, gurudumu la kushoto likipanda juu ya kiraka, ekseli nzima huinama, na magurudumu yote mawili hutaka kugeuka kulia. Likishuka, hutaka kugeuka kushoto. Hivyo kudunda kwa ekseli huzaa kupiga kwa usukani, na kupiga kwa usukani huzaa kudunda. Kila kimoja humlisha mwenzake.

Kinachozuia balaa hili katika gari zima ni msuguano na ukazo wa viungo. Kingpini zilizokazwa sawasawa, bushi zisizolika na boksi la usukani lisilolegea hula nishati ya kila mpigo kabla mpigo unaofuata haujaja. Maadamu nishati inayoliwa ni nyingi kuliko inayochotwa, mtikisiko hufa. Viungo vikilika, hesabu hupinduka. Hata hivyo, msuguano uliobaki huweza kuizima mishtuko midogo, na hatari hujitokeza siku ya mshtuko mkubwa kidogo. Ndiyo maana gari laweza kwenda juma zima bila dalili, kisha likamshtua dereva wake njiani.

Somo la miaka ya 1920

Maradhi haya si mapya. Katika miaka ya 1920, watengenezaji wa magari walipoanza kutumia tairi nene zenye upepo mdogo na kufunga breki katika magurudumu ya mbele, magari mengi yalianza kutikisika usukani. Mwaka 1925 mhandisi wa Kifaransa, Georges Broulhiet, alieleza jinsi kuteleza kwa tairi upandeupande kunavyolisha mtikisiko huo. Mwingereza Maurice Olley, aliyefanya kazi katika kampuni ya General Motors ya Marekani, alikuwa miongoni mwa waliotetea dawa ya kukata mzizi, yaani kuivunja ekseli na kuliacha kila gurudumu la mbele lipande na kushuka peke yake bila kumwinamisha mwenzake. Kampuni hiyo ilianza kuuza magari ya namna hiyo mwaka 1934. Mwaka 1966 Mholanzi H. B. Pacejka aliandika tasnifu yake ya udaktari huko Delft juu ya mtikisiko huuhuu.

Magari madogo ya abiria yaliiacha ekseli ngumu ya mbele. Pikapu nyingi za kazi nzito hazikuiacha, kwa sababu ni imara, hubeba mzigo na hutengenezeka kijijini. Pikapu za Land Cruiser za aina ya 70, zinazoonekana kote Afrika Mashariki, zimeendelea kuwa nayo. Anayefaidi uimara wake hana budi kuvilinda viungo vyake.

Kwa nini gari hurudi gereji

Kosa la kawaida ni kutafuta kiungo kimoja cha kulaumiwa. Aghalabu hakipo. Ulegevu wa milimita moja katika tairodi, kidogo katika bushi, na kidogo tena katika beringi ya gurudumu, kila mmoja peke yake huonekana si kitu. Ukijumlishwa, usukani hupata nafasi ya kupiga bila kuzuiwa.

Kosa la pili ni kufunga shokamzoba mpya ya usukani na kuridhika. Kifaa hicho hula nishati, kwa hiyo mtikisiko hutoweka kwa muda. Viungo vilivyolika huendelea kulika chini ya pazia hilo, na shoka hiyo inapochoka mtikisiko hurudi ukiwa na nguvu zaidi. Vilevile, anayeongeza majani ya springi ili kuinua gari, au kufunga tairi kubwa kuliko zilizokusudiwa, hubadilisha pembe ya kingpini au kuongeza uzito unaozunguka, na huweza kuuleta ugonjwa katika gari lililokuwa zima.

Fundi makini huanza na kazi isiyohitaji chombo chochote. Gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, limezuiwa kwa magogo mbele na nyuma, mtu mmoja huuzungusha usukani kidogokidogo kushoto na kulia, na fundi huchungulia kila kiungo. Mahali ambapo chuma kimoja huanza kusogea kabla ya kile kilichounganishwa nacho ndipo penye ulegevu. Baada ya hapo huinua ekseli kwa jeki, huiweka juu ya stendi imara, kisha hulitikisa gurudumu kwa kulishika juu na chini ili kujua hali ya beringi na kingpini. Katika magari kama Land Rover na Land Cruiser zenye ekseli ngumu, ukazo wa kingpini hupimwa kwa mizani ya springi, kwa kuangalia ni kani gani inayohitajika ili kuanza kuigeuza. Kazi ya chini ya gari haimfai mwanafunzi asiyesimamiwa na fundi.

Dereva afanye nini

Mtikisiko ukianza, dereva aushike usukani kwa mikono miwili kwa uthabiti, vidole gumba vikiwa nje ya miimo yake, wala asishindane na kila mpigo. Aondoe mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lipungue mwendo. Breki ikihitajika, ikanyagwe polepole. Breki ya ghafla huelemea magurudumu yaleyale yasiyotawalika. Kuongeza mwendo kwa matumaini ya kuuvuka mtikisiko ni hatari kubwa, kwani mtikisiko unaojilisha hupata chakula zaidi kadiri mwendo unavyozidi. Gari likishatulia litolewe barabarani, nati za magurudumu zikaguliwe, abiria washuke, nalo lipelekwe kwa fundi kwa mwendo mdogo.

Zoezi la darasa

1. Tope la gramu 200 lililoelezwa hapo juu litatoa kani kiasi gani gari likienda kilomita 60 kwa saa?

2. Tafuta toroli lenye magurudumu madogo yanayogeuka pande zote, kama lile la kubebea wagonjwa au mizigo. Lisukume kwa mwendo unaoongezeka hadi gurudumu moja la mbele lianze kutikisika. Punguza mwendo na utazame linapotulia. Kisha kaza kidogo nati inayoliwezesha gurudumu hilo kugeuka, na ujaribu tena. Eleza badiliko unaloliona kwa kulinganisha nishati inayochotwa na nishati inayoliwa.