Si kila 'mwanamfalme' wa China alikuwa mwana wa mfalme

Wanaotazama tamthilia za Kichina zilizotafsiriwa kwa Kiswahili wamelizoea neno 'mwanamfalme'. Kwetu, neno hilo halina utata: ni mtoto wa kiume wa mfalme, basi. Je, linafaa kutafsiri vyeo vya ikulu ya China?

Tuchukue enzi ya Qing (1644-1912). Cheo cha juu kabisa cha jamaa za kaisari kilikuwa qinwang, kikafuatwa na junwang, halafu beile na beizi. Neno 'wang' lenyewe lina maana ya mfalme. Watawala walijiita hivyo hadi mwaka wa 221 KK, Qin Shi Huang alipojibunia lakabu kubwa zaidi, huangdi, yaani kaisari. Tangu hapo 'wang' likashuka hadhi, likawa cheo cha kutunukiwa mtu.

Mtoto wa kaisari hakuzaliwa nacho. Alipewa baadaye, akinyimwa anyamaze. Tena kilichakaa kikirithiwa: baba akiwa qinwang, mwana kwa kawaida aliambulia ujunwang, mjukuu ubeile. Ni koo 12 tu, zilizoitwa za 'kofia ya chuma', ambazo cheo chao hakikushuka. Basi huyo 'mwanamfalme' wa kwenye runinga huenda ni kitukuu, ama kilembwe!

Majina nayo yalikuwa na makali yake. Wana wa Kaisari Kangxi walishiriki silabi moja mwanzoni mwa majina, Yin, ishara ya kizazi chao. Mmoja wao, Yinzhen, alipotwaa kiti mwaka wa 1722, jina lake likawa mwiko. Ndugu zake wakalazimika kubadili Yin kuwa Yun. Fikiria kuamka siku moja na kuambiwa jina ulilopewa na babako sasa ni la kakako peke yake. Yinxiang, kipenzi cha kaisari, alirudishiwa Yin yake, lakini baada ya kufariki mwaka wa 1730.

Mpinzani wake, Yinsi, alikiona cha mtema kuni. Mwaka wa 1726 alivuliwa cheo, akafutwa katika ukoo na kulazimishwa kuitwa Akina. (Si 'akina' wetu huyu wa akina Otieno, wetu hukusanya watu nyumbani, ule ulimtoa mtu kwao.) Alifia kizuizini mwaka uo huo. Ukoo ulimrejesha mwaka wa 1778, yeye akiwa kaburini zaidi ya miaka 50.

Baadaye desturi iligeuzwa: kaisari ndiye aliyebadili jina, ili wengine wasisumbuke. Mianning alipotawazwa mwaka wa 1820 akawa Minning, kwa kuwa 'mian' ilikuwa silabi ya kawaida mno kupigwa marufuku.

Mwana hasa wa kaisari Wachina walimwita huangzi. Huyo mtafsiri anaweza kumwita mwana wa kaisari bila hofu. Qinwang, kwa maoni yangu, aachwe alivyo, kama tulivyomwacha shehe na sultani.