Je, Wajua? Uhusiano Mmoja Una Pande Mbili

Rekodi ya uhusiano ni mstari katika hifadhidata ya shirika la hisani unaounganisha watu wawili na kueleza mmoja ni nani kwa mwenzake: mke na mume, mzazi na mwana, shangazi na mpwa, mwajiri na mfanyakazi wake. Mstari huo ndio unaoamua barua ya shukrani iandikwe kwa nani, mchango wa harambee uhesabiwe kwa familia ipi, na mjane yupi asitumiwe tena barua yenye jina la marehemu mumewe. Katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, karo, bili ya hospitali na paa la kanisa huchangiwa na jamaa walioko kijijini, Nairobi na hata Minnesota kule Marekani. Shirika linalotunza orodha ya wachangiaji kama hao, litake lisitake, linaandika nasaba.

Kosa huzaliwa kwa sababu uhusiano husomwa kutoka pande mbili. Undugu na ndoa havibadiliki ukivigeuza, lakini uzazi hugeuka: aliye mama upande huu ni lazima awe na mwana au binti upande wa pili. Katika CiviCRM, programu huria ya mashirika yasiyo ya faida iliyotoka mwaka 2005, uhusiano huwekwa katika mstari mmoja wenye mtu wa kwanza na mtu wa pili, na kila aina ya uhusiano ina majina mawili, moja la kusomea huku na jingine kule. Karani akiwapanga watu kinyume, mama anakuwa mtoto wa binti yake. Kifurushi ambacho kampuni ya Salesforce iliyatengenezea mashirika ya hisani hufuata njia nyingine: kila rekodi inapoandikwa, programu huunda ya pili inayoijibu, na jinsia ndiyo huamua kama jibu la “mama” ni “mwana” au “binti”. Hapo hitilafu ni za namna nyingine. Rekodi moja inarekebishwa na mwenzake inabaki ilivyokuwa, au orodha ya zamani inaingizwa ikiwa na pande zote mbili tayari, na uhusiano mmoja unajikuta na rekodi nne.

Makosa mengi hupatikana kwa kuiuliza hifadhidata maswali ambayo hayahitaji kumjua mtu yeyote. Je, kila “mzazi wa” ina “mwana wa” inayoijibu? Kuna mzazi ambaye hajamzidi mwanawe hata miaka 12? Kuna ndoa iliyoanza baada ya mmoja kufariki? Swali lenye manufaa kuliko yote ni la mzunguko: ukipanda kutoka kwa mtoto hadi kwa mzazi, na kwa mzazi wa mzazi, hupaswi kurudi kwa yule uliyeanza naye. Ukirudi, kuna kosa, huenda mstari uliogeuzwa, mahali fulani katika mnyororo huo.

Majina ni kazi ngumu zaidi. Abagusii, wenyeji wa kaunti hizo za Kisii na Nyamira, huwapa watoto majina ya jamaa waliokwisha kufariki, kwa hiyo jina la babu huweza kuonekana kwa wajukuu kadhaa wa ukoo mmoja, tena katika kijiji kimoja. Programu za kutafuta rekodi rudufu huongeza tatizo. Baadhi bado hutumia Soundex, mbinu iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918, ambayo hulipa kila jina msimbo wa herufi ya kwanza na tarakimu tatu za konsonanti zinazofuata. Ilibuniwa kwa majina ya Kiingereza. Ikipewa Bosibori na Bochaberi, hutoa B216 kwa yote mawili. Omwenga na Onyancha huwa O552. Haya ni majina tofauti kabisa, na hakuna mtu wa Kisii awezaye kuyachanganya. Kwa upande mwingine, Omwenga aliyeandikwa Mwenga hupewa M520, na mtu mmoja anagawanywa kuwa wawili. Afadhali kulinganisha nambari ya simu, kata na mwaka wa kuzaliwa kabla ya kuuamini msimbo huo.

Simu nayo ina mtego wake. Tangu huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa ianze mwaka 2007, michango mingi huingia kwa Paybill, yaani nambari yake ya malipo kwa mashirika, ikiwa na jina la aliyesajili laini, na huyo mara nyingi si mtoaji. Laini ya kijana huweza kuwa kwa jina la mama yake, na mchango wa kikundi cha akina mama hutoka kwa simu ya mweka hazina. Karani asiyeuliza huandika uhusiano kati ya shirika na mtu asiyejua lolote kuhusu mchango huo. Fomu inayojazwa kwa lugha ya nyumbani huleta kosa jingine, kwa maana katika Ekegusii, lugha ya Abagusii, “baba” ni mama mzazi, na baba mzazi huitwa “tata”.

Hata hivyo, si kila kinachoonekana kuwa kosa ni kosa. Philip Mayer alipochunguza ukoo na mahari ya Abagusii katika miaka ya 1940, na Robert LeVine alipofanya utafiti huko miaka ya 1950, walikuta boma ambalo kila mke ana enyomba yake, yaani nyumba yenye watoto na urithi wake, na ng'ombe wa mahari ya binti humwozesha ndugu yake wa nyumba hiyohiyo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya kimila yenye wake zaidi ya mmoja. Mila ya Abagusii pia iliruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume kuoa mwanamke, ili nyumba yake ipate warithi. Programu inayokubali mwenzi mmoja tu, au inayodai kila mke awe na mume wa kiume, itazipaka rangi nyekundu familia ambazo rekodi zao ni sahihi. Hapo panapotakiwa kurekebishwa ni aina za uhusiano ndani ya programu. Kumfuta mke wa pili ili onyo liondoke ni kuharibu ukweli.

Kazi yenyewe ina mpangilio. Nakala kamili ya hifadhidata huhifadhiwa kwanza. Kisha rekodi rudufu huunganishwa kabla ya kugusa uhusiano, kwa kuwa hitilafu nyingi hutoweka zenyewe mtu akiwa na rekodi moja. Baada ya kuunganisha hutafutwa watu waliohusishwa na nafsi zao: mtu akionekana kuwa ndugu yake mwenyewe, huenda ndugu wawili wameunganishwa kimakosa. Uhusiano uliokwisha haufutwi, hupewa tarehe ya mwisho, maana mchango uliotolewa na mume na mke mwaka 2016 ulikuwa wa wote wawili hata kama mmoja ameshafariki. Yanayosalia hayatatuliwi na programu yoyote. Hupigiwa simu wenyewe, na anayepiga huuliza swali lililo wazi, “Huyu ni nani kwako?”, bila kumtajia mtu jibu la kukubali.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inayafanya marekebisho haya kuwa wajibu. Mtu ana haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na shirika lililokwisha kuzigawa kwa wengine kwa ajili ya uchakataji linapaswa kuchukua hatua za kuwajulisha. Uzito wa rekodi ya uhusiano unaonekana katika orodha ya data nyeti ya sheria hiyo: pamoja na afya na alama za mwili, imetaja hali ya ndoa na habari za familia, yakiwemo majina ya watoto, ya wazazi, na ya mwenzi au wenzi wa mtu. Ulinzi huo humfikia hata jamaa aliyetajwa katika rekodi bila yeye mwenyewe kuchangia chochote.