Mgodi Ukifungwa, Ardhi Itakuwa Nini? Mafunzo Kutoka Lausitz, Ujerumani

Katika sharika zetu zilizo jirani na migodi, maswali yanayoulizwa zaidi ni ya fidia na ajira. Swali linaloulizwa mara chache ni hili: siku mgodi utakapofungwa, ardhi yetu itakuwa nini? Kila mgodi una mwisho wake. Katika makala hii tunaeleza namna eneo moja la Ujerumani lilivyolijibu swali hilo, na gharama ya kulijibu kwa kuchelewa.

Lausitz iko mashariki mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Poland. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wamechimba huko makaa ya mawe ya kahawia kwa ajili ya kuzalisha umeme. Makaa hayo huchimbwa kwa kuondoa udongo wote wa juu, hivyo vijiji zaidi ya 130 viliondolewa, vyote au sehemu. Vingi vilikuwa vya Wasorbi, kabila dogo lenye lugha yake. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, migodi mingi ilifungwa katika muda mfupi. Makumi ya maelfu ya watu walipoteza kazi, na vijana wengi wakahama. Yakabaki mashimo makubwa na vilima vya kifusi.

Kwanza, usalama

Wachimbaji walipokuwa kazini, maji ya ardhini yalivutwa kwa pampu. Pampu zilipozimwa, maji yalirudi na kujaza mashimo. Hapo ndipo hatari ilipojitokeza. Kifusi cha mchanga kilicholegea, kikilowa, kinaweza kuporomoka ghafla na kutiririka kama uji. Kwa hiyo kingo hushindiliwa kwa mitambo ya kutetemesha au kwa baruti kabla ya watu kuruhusiwa kusogea. Pia madini yenye salfa yaliyopigwa na hewa hutengeneza asidi ndani ya maji, na maziwa mengi mapya hutiwa chokaa ili yafae kwa viumbe.

Kazi hiyo ilikabidhiwa kampuni ya serikali, LMBV, iliyoanzishwa mwaka 1994. Katika maeneo yote ya makaa ya mashariki mwa Ujerumani imegharimu zaidi ya euro bilioni 10, na bado haijaisha. Julai 2009, katika kijiji cha Nachterstedt, mbali na Lausitz lakini kando ya ziwa la namna hiyo hiyo, ukingo uliporomoka pamoja na nyumba, na watu watatu walikufa. Uzuri wa mandhari hauwezi kutangulia usalama.

Pili, ubunifu

Kuanzia mwaka 2000 hadi 2010 uliendeshwa mpango ulioitwa IBA Fürst-Pückler-Land, yaani maonyesho ya kimataifa ya ujenzi. Hayakuwa maonyesho ya ukumbini. Eneo lenyewe ndilo lililokuwa onyesho, likiwa na miradi 30. Wabunifu majengo, wataalamu wa mipango na halmashauri za miji walijiuliza: tulichoachiwa kinaweza kutumika kwa nini?

Huko Lichterfeld kulikuwa na mtambo mkubwa uitwao F60, wenye urefu wa mita 502, uliofanya kazi kwa muda mfupi tu kabla mgodi haujafungwa mwaka 1992. Ungeweza kuuzwa kama chuma chakavu. Badala yake, tangu mwaka 2002 wageni huupanda na kuona eneo lote kutoka juu. Katika mji wa Großräschen yalijengwa majengo na baraza ukingoni mwa shimo, kabla maji hayajaanza kujazwa mwaka 2007, ili wananchi waone kwa macho kile kilichopangwa. Ubunifu huo haukurudisha ajira zote zilizopotea. Lakini uliwapa watu sababu ya kubaki, na watoto wao mahali pa kujivunia.

Tatu, watu na kumbukumbu zao

Si migodi yote iliyofungwa mwaka 1990. Wakazi wa kijiji cha Horno walipinga kuhamishwa hadi kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo haikukubali ombi lao mwaka 2000. Walihamia mji wa Forst, na makazi mapya yalipangwa ili majirani wabaki majirani, kanisa likiwa miongoni mwao. Kanisa la zamani lilibomolewa mwaka 2004. Kupangiwa nyumba nzuri hakukufuta uchungu huo, lakini jumuiya haikusambaratika.

Sisi tufanye nini?

Hapa Tanzania, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka migodi mikubwa iwe na mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya fedha ya kurekebisha mazingira. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti katika mambo ya ardhi. Kwa wachimbaji wadogo, maduara huachwa wazi, na mifugo hata watoto hutumbukia.

Tunazishauri kamati za sharika ziulize mapema:

1. Mpango wa kufunga mgodi uko wapi, na wananchi wameelezwa kwa Kiswahili?
2. Nani atabaki kupima maji na kingo baada ya kampuni kuondoka?
3. Majengo, barabara na visima vya mgodi vitakabidhiwa kwa nani, na nani atavitunza?
4. Makaburi na nyumba za ibada vimewekwa kwenye ramani?

Kwa wafadhili wetu tunaomba uvumilivu. Kurekebisha ardhi hakumaliziki katika mradi wa miaka mitatu. Msaada wenye thamani kubwa ni ule unaomwezesha mwanakijiji kukaa mezani wakati ramani inachorwa, mgodi ukiwa bado unazalisha na fedha bado zipo.

Ardhi ni amana ya Mungu kwetu. Anayeikopa kwa miaka ishirini lazima aseme tangu mwanzo atairudisha ikiwa katika hali gani.