Kulirudisha Gari la Kale katika Hali ya Kiwandani: Somo la Sayansi kutoka Milima ya Rungwe

Magari ya michezo yaliyoundwa katika miaka ya 1960 na 1970 yamebaki machache, na yaliyobaki yakiwa kama yalivyotoka kiwandani ni machache zaidi. Mengi yalibadilishwa. Mengine yaliwekewa injini kubwa, mengine yalikatwa madigadi ili yapokee tairi pana, na mengine yalipakwa rangi mara nne au tano. Kulirudisha gari la namna hiyo katika hali yake ya kwanza huonekana na watu wengi kuwa ni kazi ya spana na rangi tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo ni uchunguzi wa kisayansi, wenye ushahidi, vipimo, dhana na majaribio. Na kwamba hasara kubwa kuliko zote ni kuuharibu ushahidi kabla haujasomwa.

Gari la mfano

Tuchukue gari ambalo jina lake limo katika historia ya Afrika Mashariki, yaani Datsun 240Z. Kampuni ya Nissan ya Japani ilianza kuuza magari ya jamii hiyo mwaka 1969. Injini yake ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 83, na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7. Mwanafunzi anaweza kuhakiki mwenyewe kwamba vipimo hivyo vinatoa ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likiwa mikononi mwa Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller, na likashinda tena mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews.

Tuseme sasa kwamba gari moja la aina hii limefikishwa kwa fundi mjini Tukuyu. Madigadi yake yamekatwa, kabureta zake zimechezewa, na haijulikani rangi yake ya kwanza ilikuwa ipi. Tumeuchagua mji wa Tukuyu kwa sababu mazingira yake yanaonyesha waziwazi nguvu mbili zinazolibadili gari hata pasipo mkono wa mtu, nazo ni maji na hewa. Mji huo uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Barabara itokayo Uyole hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 karibu na Isongole, hupita Tukuyu, kisha huteremka hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kwenye mita 475 hivi. Gari likisafiri katika barabara hiyo kwa saa chache hupita katika hewa za aina tatu zilizo tofauti kabisa.

Kusoma ushahidi

Kanuni ya kwanza ni kwamba kitu chochote kisifunguliwe kabla ya kupigwa picha, kupimwa na kuandikwa katika daftari. Bolti moja iliyotolewa bila kuandikwa ni swali ambalo huenda lisipate jibu tena.

Baada ya hapo husomwa namba. Magari ya 240Z yaliyoundwa kwa ajili ya nchi za nje zinazotumia usukani wa kulia yalipigwa muhuri wa herufi HS30 kwenye bamba la chuma linalotenga injini na chumba cha dereva. Injini yake hutambulishwa kwa alama L24. Iwapo fundi atakuta alama L28, atajua mara moja kwamba injini hiyo ni ya gari la miaka ya baadaye, hata kama mwenye gari anaapa kwamba haijawahi kuguswa.

Rangi nayo husomwa kama miduara ya shina la mti. Mahali padogo pasipoonekana husuguliwa polepole kwa msasa laini wenye maji, mpaka chuma kionekane katikati. Kuizunguka nukta hiyo ya chuma hutokea miduara: kwanza rangi ya msingi, kisha rangi ya kiwandani, kisha zile zilizofuata, ya mwisho ikiwa nje. Matokeo hayo yahakikiwe mahali ambapo wapaka rangi wa baadaye hawakufika, kama vile nyuma ya dashibodi au chini ya mipira ya milango. Ushahidi wa mahali pamoja ni fununu tu. Ushahidi wa mahali pawili au patatu unaokubaliana waweza kuaminiwa.

Mabamba ya bodi pia husema. Kiwanda huyaunganisha mabamba kwa nukta za kulehemu zilizopangwa kwa nafasi zinazolingana, ilhali kazi ya mkono huacha mshono. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa hushika palipo na chuma na huteleza palipojazwa puti. Umbo zima nalo hupimwa kwa kamba: kutoka tundu la bolti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Iwapo mistari hiyo miwili ya mshazari hailingani, ingawa urefu wa pande unalingana, gari limepinda, na hakuna rangi itakayoliponya.

Kutu na namna ya kuiondoa

Katika wilaya yenye mvua nyingi kama Rungwe, adui wa kwanza wa bodi ni kutu. Chuma kikikutana na maji na oksijeni, atomi zake hupoteza elektroni na kuwa ioni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma mpaka mahali penye oksijeni nyingi, ambako pamoja na maji huunda ioni za haidroksaidi. Ioni za pande hizi mbili hukutana, na baada ya oksijeni zaidi kuingia hutokea ile oksidi nyekundu yenye maji tunayoiita kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huinua rangi, nyufa hupatikana, na maji zaidi huingia. Ndiyo maana gari hutoboka kutoka ndani, katika mifereji iliyofungika ambamo tope na unyevu havikauki, kabla alama haijaonekana nje.

Kusugua kwa brashi ya chuma huondoa kutu, lakini huondoa pia chuma kizima pamoja na alama za kiwandani. Kwa vipande vidogo, njia iliyo pole zaidi ni ya umeme, yaani elektrolisisi. Kipande hutumbukizwa katika maji yenye kaboneti ya sodiamu na kuunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri. Bamba la chuma cha kawaida huunganishwa na ncha chanya. Tahadhari tatu ni za lazima. Chumvi ya mezani isitumike, kwa sababu inaweza kutoa klorini. Chuma kisichoshika kutu kisitumiwe kama bamba, kwa kuwa kinaweza kutoa misombo ya kromiamu yenye sumu. Kazi ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu haidrojeni hutolewa nayo hulipuka. Haidrojeni hiyohiyo huweza kupenya ndani ya vyuma vigumu, kama springi na bolti za nguvu, na kuvifanya vikatike ghafla. Vyuma vya namna hiyo visisafishwe kwa njia hii.

Fundi anayefungua gari la miaka ile akumbuke pia afya yake. Rangi za zamani ziliweza kuwa na risasi, na vitambaa vya breki viliweza kuwa na asibesto. Vumbi la vitu hivyo lisipulizwe wala kusuguliwa likiwa kavu.

Hewa ya mlimani na kabureta

Hapa tunafikia sehemu ambayo mara nyingi huwapotosha hata mafundi hodari. Tuseme kwamba ndani ya kabureta za gari letu zimekutwa sindano zilizopunguzwa unene au kuongezwa kinyume cha kitabu cha kiwanda. Je, huo ni uharibifu?

Tuangalie fizikia yake. Kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni kilopaskali 101 hivi. Tukuyu ni karibu 85. Densiti ya hewa, yaani uzito wake katika kila mita ya ujazo, hushuka na kuwa karibu asilimia 86 ya ile ya pwani. Karibu na Isongole hushuka zaidi, kama asilimia 82, na kando ya Ziwa Nyasa hupanda hadi asilimia 95 hivi. Petroli haibadiliki namna hiyo. Lita moja ya Kyela ni sawa na lita moja ya Isongole. Kabureta hupima hewa kwa ujazo, bali moto ndani ya silinda huhitaji hewa kwa uzito.

Hesabu huonyesha kwamba uwiano wa hewa kwa petroli hufuata kipeo cha pili cha densiti kikichukuliwa kinyume, yaani kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 0.86 ni karibu 0.93. Ikiwa kabureta ilirekebishwa pwani itoe gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, basi Tukuyu itatoa gramu 13.6 tu. Petroli imezidi. Plagi zitakuwa nyeusi kwa masizi, moshi utakuwa mweusi, na mafuta yatakwisha upesi. Fundi wa zamani aliyepunguza petroli alijibu swali halisi la mlima wake. Lakini gari hilohilo likiteremshwa hadi Dar es Salaam bila kurekebishwa, petroli itakuwa pungufu, injini itapata joto kupita kiasi, na valvu au pistoni zaweza kuungua.

Kwa hiyo mrejeshaji atenganishe mambo mawili. Vipuri ni sehemu ya utambulisho wa gari: kabureta ya aina ya kwanza, sindano yenye namba iliyotajwa na kiwanda. Marekebisho, kwa upande mwingine, ni uhusiano wa gari na mahali lilipo. Sindano za kiwandani zirudishwe, na nati ya kurekebishia mchanganyiko izungushwe kulingana na hewa ya Tukuyu. Hata petroli yenyewe si ile ya kwanza, kwa maana nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006.

Hali ya kwanza ni ipi?

Swali lililobaki si la spana wala la kemia. Baadhi ya magari yalibadilishwa na kiwanda chenyewe. Magari ya Safari yalipewa taa za ziada na bamba la kukinga tumbo la injini kabla hayajaanza mashindano. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan nchini Japani walipolifufua gari lililoshinda mwaka 1971, walilirudisha katika sura ya mashindano, si katika sura ya gari la dukani. Kulivua vifaa vile kungekuwa kuifuta historia yake.

Hali kadhalika, magari mengi ya Tanzania yalibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri visipatikane. Kipande kilichochongwa gereji kwa tupa, kikalifanya gari litembee miaka kumi, ni ushahidi wa ustadi wa fundi na wa hali ya nchi wakati ule. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, husisitiza kwamba kazi iandikwe kwa ukamilifu na kwamba vipande vipya viweze kutambulikana. Tuongeze hapa ushauri mmoja: kipande cha gereji kikitolewa, kisitupwe. Kifungiwe kibandiko chenye tarehe na mahali kilipokuwa, kihifadhiwe pamoja na daftari la gari.

Majaribio kwa darasa

Walimu wanaweza kuyatumia mambo haya shuleni bila kuwa na gari la michezo. Misumari mitatu iwekwe katika chupa tatu: moja kavu na iliyofungwa, moja yenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, na moja yenye maji na hewa. Baada ya wiki moja wanafunzi waeleze ni kipi kinachohitajika ili kutu itokee. Bamba lililong'olewa kwenye gari lililokufa lapaswa kusuguliwa kwa msasa wenye maji, lakini kwanza mwalimu ahakikishe kwamba rangi yake si ya zamani yenye risasi; kisha miduara ihesabiwe na kuchorwa. Mwisho, chupa tupu ya plastiki ifungwe vizuri Isongole na kuteremshwa hadi Kyela. Wanafunzi waangalie jinsi inavyobonyea, na wakadirie kwa hesabu ni sehemu gani ya ujazo wake imepotea, wakikumbuka kwamba joto la Kyela nalo lina sehemu yake katika jibu.