Sipora Angeeleweka Kanduyi

Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, barabara ya Kanduyi hadi Bungoma mjini hujaa vijana wa Kibukusu wanaopiga kengele za chinyimba, wakienda kuwaalika wajomba na mashangazi kwenye tohara yao. Na hakosi mhubiri mwenye vipaza sauti wa kututangazia kwamba matope wanayopakwa mtoni alfajiri ni ibada ya mashetani. Nina neno naye, maana Biblia anayoiinua juu nami naisoma.

Aanze na Kutoka 4:24-26, mistari ambayo wahubiri wengi huipita mbio. Musa anarudi Misri kwa kutumwa na Mungu, na usiku, mahali pa kulala, Mungu yuleyule anataka kumuua. Sipora mkewe anachukua jiwe kali, anamtahiri mwanawe, anagusa miguu (ya nani, maandiko hayasemi wazi), kisha anataja bwana arusi wa damu. Musa anaachwa hai. Asiyekulia katika desturi hizi anaona kisa kisicho na kichwa wala mkia.

Mzee wa Kibukusu hashangai. Kwake tohara ni deni la boma zima: baba huchinja, mjomba humvisha kijana luliki, ile nyama inayovaliwa shingoni, na jamaa wote hushuhudia. Baba aliyekwepa deni hilo hana kinywa cha kusimama barazani kutetea watoto wa wenzake. Sasa rudi nyuma mistari miwili. Musa ametumwa kumwambia Farao kwamba Israeli ni mzaliwa wa kwanza wa Mungu, kwa hiyo amwachilie. Anakwenda kudai mwana wa mwingine ilhali wa kwake hajatahiriwa! Jambo linalomkwaza mzee wetu ni moja tu, mwanamke kushika kisu. Kwetu mama hubaki ndani ya nyumba, na kazi ya omukhebi, yaani mtahiri, hurithiwa katika ukoo. Lakini Sipora alikuwa binti wa kuhani wa Midiani, na huenda alikuwa ameona mengi nyumbani kwao.

Soma pia Yoshua 5. Watu wamevuka Yordani, wanatahiriwa Gilgali kwa visu vya mawe, kisha wanakaa kambini mpaka wapone. Mto, kisu, kisha kuuguza kidonda pamoja: kijana gani aliyetahiriwa juzi asiyeujua mpangilio huo? Na aliyewahi kuwauguza vijana hahitaji mfasiri wa kumweleza kwa nini wanaume wa Shekemu, katika Mwanzo 34, walivamiwa siku ya tatu.

Sisemi kwamba sisi ni kabila la Israeli lililopotea. Hadithi za kwamba tulitoka Misri nawaachia wanaozipenda. Tohara yetu tunaihesabu kwa Mango, aliyemuua nyoka yabebe kule Mwiala kisha akatahiriwa na majirani zetu Wakalenjini. Tena Ibrahimu aliagizwa kutahiri siku ya nane. Ni Ishmaeli, wa miaka 13, anayefanana na vijana wetu. Habari za kurithi wajane, zilizomo katika Kumbukumbu la Torati 25, sizitetei. Ukimwi ulishazihukumu.

Kinachoniuma ni kwamba wanaoweza kuzisoma sura hizi kwa miili yao wanapungua. Wazazi wengi sasa huwapeleka wana hospitalini wakati wa likizo. Sigombani na wembe safi wala dawa. Ila daktari hana khubita, siku ambayo omukhebi humrudia kijana aliyemtahiri na kumuusia namna ya kuishi na watu: mlango uliofungwa usiingie, mali ya mtu usiguse, wazazi uwaheshimu. Kijana anarudi shuleni amepona, na hakuna aliyemwambia lolote. Kisha tunashangaa Desemba inapofika bila khukhwalukha, sherehe ya kuhitimu kwa waliotahiriwa.

Mhubiri akija tena mwaka wa shufwa, azime vipaza sauti asubuhi moja, aketi na wazee wa Kanduyi, awasomee Kutoka sura ya 4, halafu awasikilize.