Mwenye Shamba na Watumishi Wake: Ulinzi wa Wafanyakazi wa Shule Dhidi ya Bughudha Kazini

Katika vyuo vyetu vya theolojia tunatumia muda mwingi kumfundisha mwanafunzi kuhubiri, kufundisha Kipaimara na kuwatembelea wagonjwa. Ni mara chache tunamfundisha kuwa mwajiri. Hata hivyo, mwanafunzi anayehitimu na kupangiwa usharika katika wilaya za Mbulu au Hanang, mkoani Manyara, huenda kabla ya mwaka kwisha akajikuta ameketi kwenye bodi ya shule, au anasimamia chekechea ya usharika yenye walimu, mpishi na mlinzi. Hapo ndipo atakapoletewa, pengine usiku na kwa sauti ya chini, habari ambazo hakuandaliwa kuzisikia: kwamba mkuu wa shule humsumbua matroni, kwamba mpishi hutukanwa kwa kabila lake mbele ya wanafunzi, kwamba mwalimu kijana aliye katika kipindi cha majaribio ameambiwa kuwa kuthibitishwa kwake kazini kuna bei, na bei hiyo si fedha.

Mchungaji huyo afanye nini? Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo kwa kuyatazama Maandiko na sheria za nchi pamoja. Hoja yetu ni kwamba mzigo wa kumlinda mfanyakazi ni wa mwenye shamba, na kwamba Kanisa, likiwa mwenye shamba, limezoea kumtwika mzigo huo yule anayeumizwa.

Bughudha ni nini?

Kwa neno bughudha tunakusudia tendo, neno, ishara au kitisho kisichotakiwa, ambacho humvunjia mtu heshima yake kazini, hasa pale mtendaji anapokuwa na mamlaka juu ya riziki ya mwenzake. Wengi wakisikia habari hizi hufikiri mara moja juu ya mambo ya ngono, na kweli hayo ndiyo mazito kuliko yote. Lakini yapo mengine. Mwezi Februari 2009 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru walimu 19 wa shule tatu za msingi wachapwe viboko na askari polisi, kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Rais alimwondoa madarakani mwezi huo huo. Tukio lile lilikuwa la wazi mno kiasi kwamba halikuweza kufichwa. Je, mwalimu anayeitwa mjinga kila asubuhi mbele ya wanafunzi wake, na mshahara wake kucheleweshwa kwa makusudi ili aombe kwa kupiga magoti, yeye atasikilizwa na nani? Kiboko hakionekani, ila nia ni ile ile.

Hapa kwetu mazingira yenyewe huongeza hatari. Shule nyingi ziko mbali na makao makuu ya wilaya. Mfanyakazi aliyepangiwa upande wa Yaeda Chini au Balangdalalu hawezi kwenda Mbulu mjini au Katesh na kurudi kila anapotaka, na akienda, kila mtu hujua amekwenda. Nyumba anayoishi ni ya shule. Mtu anayempa kazi ndiye anayempa nyumba, na mara nyingi ndiye anayeongoza sala ya asubuhi. Matroni aliyetoka Singida au Kilimanjaro hana mjomba wala shangazi katika kijiji kile wa kumsemea. Akifukuzwa kazi Jumatatu, Jumatatu hiyo hiyo anakosa mahali pa kulala.

Tusipite bila kutaja suala la kabila. Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wanyiramba na wengine wanafanya kazi pamoja katika wilaya hizi. Jina Mang'ati, ambalo watu hulitumia kwa Wadatoga kana kwamba ni jina la kawaida, asili yake ni neno la Kimasai lenye maana ya adui. Mlinzi anayeitwa kwa jina hilo jikoni, ofisini na getini anaitwa adui mara kumi kwa siku, tena katika shule yenye msalaba juu ya mlango.

Isidhaniwe kwamba heshima ya mwanamke ni habari iliyoletwa juzi na semina za mjini. Miongoni mwa Wabarabaig, ambao ni Wadatoga wa Hanang, lipo baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga, ambalo George Klima alilieleza katika maandishi yake, kikiwemo kitabu chake juu ya Wabarabaig kilichochapishwa mwaka 1970. Wanawake hukusanyika, humhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake, na humtoza ng'ombe. Tunalitaja baraza hili kwa heshima, ingawa hatudhani kwamba linatosha kwa shule zetu. Baraza hilo liliwalinda wake na mama wa jamii ile. Matroni mgeni hana baraza. Ndiyo maana ni lazima mwajiri amwekee.

Amri ya Boazi

Kitabu cha Ruthu husomwa sana kwenye harusi, na kwa sababu hiyo tumezoea kukiona kama hadithi ya mapenzi. Tukisome mara hii kama habari ya mahali pa kazi. Ruthu ni mwanamke, ni mjane, ni maskini, tena ni Mmoabu, yaani mtu wa kabila lisilopendwa. Anaingia katika shamba la mtu asiyemjua, lenye vijana wengi wa kiume. Kwamba hatari ilikuwepo hatuna haja ya kukisia, kwa kuwa Naomi mwenyewe anaitaja katika 2:22: ni afadhali Ruthu aambatane na wasichana wa Boazi, asije akadhuriwa katika shamba lingine.

Boazi anafanya nini? Katika 2:9 anamweleza Ruthu kwamba amekwisha kuwaagiza vijana wasimguse. Tuangalie mpangilio wa mambo. Amri imetolewa kabla ya kosa lolote kutendeka. Wanaoamriwa ni wale wenye nguvu ya kudhuru. Ruthu hapewi somo la jinsi ya kuvaa wala la kutokutembea peke yake. Naye anajulishwa kwamba amri hiyo ipo, ili asiwe na haja ya kuomba rehema siku atakapohitaji haki. Kisha katika 2:15 na 16 Boazi anaongeza kwamba wasimwaibishe wala wasimkemee. Kwa hiyo amri yake inahusu mkono na ulimi. Hata maji ya kunywa hakuyasahau: akiona kiu, aende kwenye vyombo walivyovijaza vijana. Msomaji aliyewahi kuona mpishi wa shule akikatazwa kugusa kikombe cha walimu ataelewa kwa nini mwandishi wa kitabu hakuliacha jambo dogo kama hilo.

Katekismo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inafuata njia hiyo katika sehemu yake ya mwisho, inapokusanya maneno ya Maandiko kwa kila hali ya maisha na kuwakumbusha mabwana, kutoka Waefeso 6:9, kwamba waache vitisho, kwa maana wao pia wana Bwana mbinguni. Sehemu hii hatuifundishi vya kutosha. Watoto wa Kipaimara huikariri kwa shida. Wajumbe wa bodi hawaisomi kabisa.

Maandiko yanayotumiwa vibaya

Lalamiko linapofika, mara nyingi hujibiwa kwa Mathayo 18:15: nenda ukaonane na ndugu yako ninyi wawili peke yenu. Kwa ndugu wawili walio sawa hilo ni shauri jema sana. Kumwambia mwalimu wa majaribio arudi peke yake katika ofisi ile ile, kwa mtu yule yule, na mlango ufungwe, ni kumrudisha hatarini kwa jina la Bwana. Sura hiyo haianzi katika aya ya 15. Inaanza na mtoto aliyewekwa katikati, na katika aya ya 6 inatoa onyo kali kwa amkoseshaye mmoja wa wadogo, na kumtaja jiwe la kusagia. Anayeruka mstari wa sita ili kufika wa kumi na tano amesoma nusu ya sura.

Andiko la pili ni 1 Timotheo 5:19, lisemalo kwamba mashtaka juu ya mzee yasikubaliwe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Bughudha kwa kawaida hutendwa pasipo shahidi. Mtendaji huchagua saa yake. Basi tuliweke andiko hilo kando ya Kumbukumbu la Torati 22:25 hadi 27, ambapo torati inamtazama mwanamke aliyekutwa shambani, mahali pasipo mtu wa kumwokoa, na kulihukumu jambo lake bila kudai shahidi ambaye hakuweza kuwepo. Tena Paulo anaendelea katika 5:20 na 21 kutaka wakosaji wakemewe mbele ya wote, pasipo upendeleo. Mistari hiyo miwili hatujapata kuisikia ikisomwa katika kikao cha bodi.

La tatu ni 1 Wakorintho 6, kwamba Wakristo wasipelekane mahakamani. Paulo aliyeandika maneno hayo juu ya madai ya ndugu kwa ndugu ndiye aliyepigwa kwa fimbo hadharani kule Filipi bila kuhukumiwa. Wakuu wa mji walipotaka kumwachia kwa siri, alikataa kuondoka kimya kimya, akadai waje wenyewe (Mdo 16:37). Alizijua haki zake za kiraia na alizitumia. Sisi Walutheri tunakiri kwamba Mungu hutawala pia kwa njia ya sheria za nchi. Mfanyakazi anayekimbilia sheria hizo hajaikana imani.

Sheria zinasemaje?

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la bughudha ya kijinsia, na kueleza wazi kwamba maneno au matendo ya namna hiyo yasiyotakiwa, yakifanywa na mwenye mamlaka mahali pa kazi, ni kosa hilo. Adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka 5. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo au haki yoyote. Mahali pake ni TAKUKURU.

Iliyo ya kila siku zaidi kwa bodi ya shule ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinaihesabu bughudha kuwa ubaguzi na kuikataza, iwe kwa sababu ya jinsi, kabila, dini, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri au mengine yaliyotajwa. Mfanyakazi akionyesha kwamba lalamiko lake lina msingi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba halikutokea au halikuwa la kibaguzi. Kifungu cha 36 kina jambo ambalo wachungaji wengi hawalifahamu: mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya kazi hiyo isivumilike huhesabiwa kuwa ameachishwa. Kwa hiyo bodi inayosema, "Aliondoka mwenyewe," haijajitetea bado. Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30 ikiwa ni la kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Mchungaji anayemwambia mlalamikaji asubiri hadi mkutano wa bodi wa robo ijayo, hata kama nia yake ni njema, aweza kumpotezea haki yake.

Mchungaji kati ya wawili

Ugumu mkubwa ni kwamba mchungaji mara nyingi ni mjumbe wa bodi na papo hapo ni mchungaji wa mlalamikaji na wa mlalamikiwa. Hawezi kuwa mwamuzi, mwungamishaji na mwajiri katika shauri moja. Kwa maoni yetu, akishapokea ungamo la mmoja wao ajitoe katika kikao kitakachoamua jambo hilo, wala asieleze sababu. Aliyoyasikia nje ya ungamo, kama malalamiko, si siri ya ungamo. Anapaswa kumwambia mlalamikaji hivyo tangu mwanzo, kisha ayafikishe panapohusika kwa idhini yake. Palipo na mtoto aliye hatarini, asingoje idhini ya mtu.

Bodi nayo iteue watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao mwanamke, na wote wasiwe chini ya mkuu wa shule. Malalamiko yaandikwe siku yanapotolewa. Wakati wa uchunguzi, anayepaswa kupumzishwa au kuhamishwa kwa muda ni mwenye mamlaka, wala si matroni. Uhamisho wa moja kwa moja tunauonea mashaka zaidi: mkuu wa shule aliyethibitika kuwa na hatia akipelekwa shule nyingine akiwa na barua nzuri mkononi, tumewatuma wafanyakazi wa shule ile katika hatari tunayoijua.

Amri yenyewe isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote mwanzoni mwa mwaka, na kwa wapishi na walinzi wasioelewa vizuri Kiswahili cha barua ielezwe kwa Kiiraqw au Kidatoga. Ibandikwe jikoni pia, isiishie ofisini.

Wako watakaouliza juu ya mashtaka ya uongo, na swali hilo ni la haki, maana Yusufu alifungwa gerezani kwa neno la mke wa Potifa. Tukumbuke hata hivyo kwamba katika Mwanzo 39 anayebughudhiwa ni Yusufu, mtumwa, siku baada ya siku, na mwenye nyumba hakuuliza swali lolote kabla ya kutoa hukumu. Utaratibu ulioandikwa, wenye siku ya kusikilizwa na nafasi ya kila upande kusema na kuleta mtu wa kumsindikiza, ungemfaa Yusufu. Mlalamikiwa apewe mashtaka kwa maandishi na muda wa kujibu, naye mlalamikaji ajulishwe uamuzi kwa barua, ili kama hakuridhika aweze kwenda Tume siku zake zikiwa bado hazijakwisha.